Mama Dokta alia: Mtoto kaenda Marekani kusoma Historia!

Wiki jana niliahidi kuandika habari za vijana wanaoazima suti za harusi halafu wanasahau kuzirudisha. Hiyo itasubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwa dada yangu Tabata, na kwa kuwa limeniumbua mimi mwenyewe mbele ya ukoo, nimeona bora nililete hapa kabla watu wa Tabata hawajakufikishia likiwa limetiwa chumvi.

Nianze na jina. Dada yangu ana binti mmoja tu. Alipokuwa na miaka saba alimfunga kuku mguu uliovunjika kwa kipande cha kanga na kijiti cha ufagio, na yule kuku akapona kabisa (akaliwa Krismasi, lakini alikwenda kuliwa akitembea vizuri). Tangu siku ile mtaa mzima unamwita Dokta. Jina lake la ubatizo linajulikana na ofisi ya pasipoti tu. Dada yangu naye akapoteza lake. Muuza mkaa, kinyozi, mama ntilie, hata mjumbe wa nyumba kumi, wote wanamwita Mama Dokta.

Dokta akasoma PCB, akapiga msuli, Kidato cha Sita akatoka na alama safi. Wenzake walipokuwa wanahangaikia nafasi za Muhimbili, yeye akapata chuo majuu, jimbo la Ohio, ambacho kilikubali kumlipia sehemu kubwa ya ada. Sehemu iliyobaki ikawa mzigo wa ukoo. Baba yake alishafariki siku nyingi. Aliyesimama ni baba yake mkubwa, mzee mstaafu wa reli, ambaye aliuza kiwanja chake cha Kibaha. Kile kiwanja alikuwa anakisifia kila sikukuu, kwamba atajenga vyumba viwili, atafuga kuku, atakufa kwa amani. Tiketi ya ndege, makoti ya baridi, bima, ada, vyote vilitoka hapo. Sharti la mzee lilikuwa moja: rudi daktari.

Sasa binti yuko mwaka wa pili. Kule mwanafunzi akikaribia kumaliza mwaka wa pili anatakiwa ajaze fomu kusema anabobea katika nini, wenyewe wanaita meja. Dokta kwa furaha zake akaijaza, akaipiga picha, akamtumia mama yake kwa WhatsApp. Dada yangu aliishia darasa la saba, lakini neno HISTORY kwa herufi kubwa hata aliyeishia darasa la tano analisoma.

Simu yangu ikalia saa nne usiku.

"We mdogo wangu, uko wapi? Mtoto amerogwa."

"Mtoto gani, dada?"

"Dokta! Eti anasomea Historia! Vita vya Majimaji si alivisoma hapa hapa darasa la sita, bure? Kiwanja cha watu kimeuzwa ili akasome habari za Zinjanthropus?"

Nikajaribu kumtuliza. Wapi! Jumapili saa kumi jioni kikaitishwa kikao. Mimi nikaitwa kama shahidi mtaalamu, maana katika ukoo wetu ndiye niliyekaa Marekani, 1996 hadi 2000. Nilikwenda nikiwa na ndoto hiyo hiyo ya udaktari. Nilirudi na shahada ya baiolojia, bila udaktari, na maelezo ya maneno mawili: "Viza iliisha." Ukoo ukayapokea. Kwa zaidi ya miaka 20 viza ya Marekani imelaaniwa sebuleni kwa dada yangu kuliko mwanasiasa yeyote unayemjua.

Kumbuka hayo maneno mawili, msomaji. Tutayarudia.

*

Kikao kikaanza. Chai ya tangawizi, vitumbua, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Huku saa kumi jioni, Ohio saa tatu asubuhi. Dokta akatokea kwenye kioo akiwa na kilemba cha kulalia.

"Shikamooni."

"Marahaba," akajibu Baba Mkubwa peke yake. Mama mtu kakaza uso kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mwanangu," mzee akaanza, "sisi hatujasoma. Lakini tunajua daktari wa kweli anasoma miili ya watu. Wewe umekwenda kusoma wafalme. Tueleze."

Dokta akavuta pumzi. "Baba Mkubwa, huku si kama Muhimbili. Huku hata ningejaza Baiolojia, bado nisingekuwa nasomea udaktari."

Mzee akanigeukia. "Ni kweli hayo, shemeji?"

Ni kweli, na nikaeleza hivi. Hapa kwetu mtoto anamaliza Kidato cha Sita na PCB yake, alama zikikubali anaingia moja kwa moja kusomea udaktari miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Marekani njia kuu ni ndefu zaidi. Kwanza unasoma shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne. Ukimaliza ndipo unaomba shule ya udaktari, miaka mingine minne. Ukitoka hapo unafanya mafunzo ya kazi hospitalini, kuanzia miaka mitatu hadi saba kutegemea fani. Zipo njia za mkato kwa wachache, lakini wengi wanapita huko.

Wamarekani hawakuzaliwa na utaratibu huo. Zamani kwao ulikuwa unaweza kuwa daktari ukiwa hujawahi hata kugusa darubini. Shule ya Johns Hopkins ilipofunguliwa 1893 ikatia ngumu: hapa haingii mtu bila shahada ya kwanza. Mwaka 1910 bwana mmoja, Abraham Flexner, akatoa ripoti ya kuzianika shule mbovu za udaktari za Marekani na Kanada, nyingine zikafungwa, na zilizobaki zikafuata mwendo wa Johns Hopkins.

"Sasa hiyo miaka minne ya kwanza," nikasema, "shule za udaktari haziulizi sana umebobea katika nini. Zinauliza kama umesoma masomo fulani na umeyafaulu vipi."

Nikaomba karatasi. Dada akaniletea daftari la vikoba. Nikachora safu mbili.

Safu ya kwanza, masomo yanayotakiwa. Orodha zinatofautiana kidogo shule na shule, lakini nyingi zinataka mwaka mmoja wa baiolojia, mwaka mmoja wa kemia ya kawaida, mwaka mmoja wa kemia ogania na mwaka mmoja wa fizikia, yote pamoja na maabara. Ongeza biokemia, uandishi wa Kiingereza, na mara nyingi takwimu au hesabu. Saikolojia na sosholojia nazo zinasaidia, kwa sababu tangu 2015 mtihani wa kuomba udaktari, MCAT, una sehemu nzima ya mambo hayo.

Safu ya pili, meja. Shahada nyingi kule zinadai krediti 120 hivi. Meja inakula labda theluthi moja, zilizobaki ni masomo ya jumla na ya kuchagua. Kwa hiyo mtu anaweza kubobea katika Historia, Muziki au Kifaransa, na kemia zake zote akazisoma pembeni. Hakuna anayemzuia.

"Kwa hiyo Dokta anasoma kemia?" dada akauliza. Ndiyo mara ya kwanza anafungua mdomo.

"Nasoma, mama. Sasa hivi niko kemia ogania ya pili. Ya kwanza nilipata B+. Baiolojia nimemaliza. Fizikia naichukua mwakani."

Dada akaniangalia kama anayehesabu chenji. Nikaongeza mfano. Kuna bwana anaitwa Harold Varmus. Shahada yake ya kwanza ilikuwa fasihi ya Kiingereza, akaongeza na ya pili humo humo. Shule ya udaktari ya Harvard ikamkataa mara mbili. Akaingia Columbia, akawa daktari, na mwaka 1989 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na mwenzake Bishop kwa utafiti wa jinsi saratani inavyoanza.

"Huyo mzungu," akasema dada. "Kiwanja cha kwao hakikuuzwa."

Nikanyamaza. Hapo alikuwa na haki.

*

Baba Mkubwa akasogeza kiti karibu na simu. "Sawa. Sheria yao inaruhusu. Lakini kuruhusiwa si kutumwa. Kwa nini Historia?"

Msomaji, nilidhani mtoto atajibu kisomi tuishie kusinzia. Badala yake akauliza, "Baba Mkubwa, una kovu la chanjo begani?"

Mzee akapandisha mkono wa shati. Kovu lipo, la mviringo, kama sarafu iliyobonyezwa kwenye udongo.

"Hiyo ni ya ndui," akasema Dokta. "Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Msomali wa mji wa Merca, Oktoba 1977. Anaitwa Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali. Walikuja wagonjwa wawili watoto kwenye gari, yeye akapanda kuwaonyesha njia. Akaambukizwa. Akapona. Mwaka 1980 dunia ikatangaza ndui imekwisha."

"Sasa mpishi wa hospitali hakuchanjwa?" mzee akauliza.

"Hakuchanjwa. Alikuja kusema mwenyewe kwamba aliogopa, aliona sindano inauma. Baadaye akawa anazunguka Somalia kuwahimiza watu wachanje watoto polio, anawaeleza kisa chake. Alifariki 2013 akiwa kwenye kazi hiyo hiyo, kwa malaria. Baba Mkubwa, ndicho ninachosoma. Dawa ilikuwepo, hospitali ilikuwepo, na mtu anafanya kazi humo humo, lakini anaogopa. Kemia hainiambii kwa nini."

Kimya. Mzee anapapasa kovu lake.

"Mimi nilijificha kwenye mahindi," akasema ghafla.

"Eti?"

"Walipokuja wachanjaji. Tuliambiwa wanatoa damu ya kuuza. Nilikaa kwenye mahindi tangu asubuhi hadi mama akanifuata na fimbo." Akacheka peke yake, akafuta macho. "Marehemu kaka yangu hakupatikana siku ile. Alipata ndui. Hakufa, lakini uso uliharibika, hakupenda kupigwa picha mpaka kufa kwake."

Dada yangu hakuwahi kuisikia habari hiyo, na ameolewa katika ukoo ule zaidi ya miaka 20. Wala mimi.

Nikajua mambo yanakwenda vizuri. Nikachukua kitumbua cha tatu. Hapo ndipo Baba Mkubwa akanigeukia.

"Shemeji, nisaidie. Huyu anasoma Historia na anasema atakuwa daktari. Wewe ulisoma Baiolojia yenyewe. Mbona hukuwa?"

*

Kitumbua kikakwama. Maneno yangu mawili yalikuwa tayari mdomoni, nimeyazoea kama namba ya simu. Lakini pale kwenye kioo kulikuwa na macho ya yule binti, na nikaona nikisema "viza" nitamfungia mlango mwenyewe.

"Sikufaulu," nikasema.

Dada akaweka kikombe chini.

Nikasema yote, na wewe msomaji nakusimulia hivyo hivyo. Nilijaza Baiolojia kwa sababu niliogopa. Nilidhani meja nyingine yoyote ni kuukimbia udaktari. Muhula wa kwanza nikachukua kemia, baiolojia, fizikia na hesabu za kalkulasi kwa mkupuo mmoja, maana mimi si mtoto wa PCB bwana! Mshauri wa masomo, mama mmoja mtu mzima, akaniambia nipunguze somo moja, nizoee kwanza. Nikaona ananidharau. Juu yake naosha vyombo bwaloni saa 20 kwa wiki, ndizo mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi chuoni wakati wa masomo. Maabara ya kemia inaanza saa saba mchana, mimi mikono ina harufu ya mafuta ya kukaangia.

Kemia ogania ikanichinja. Nikapata D. Nikairudia nikapata C. Na kule ukiomba shule za udaktari kwa fomu yao ya pamoja, alama ya kwanza haifutiki kwa kurudia, zote mbili zinahesabiwa. GPA yangu ikasimama 2.7. Kwa wenye kujua, hiyo ni kama kwenda usaili na kandambili. Ili upate picha, walioingia shule za udaktari za Marekani mwaka 2023 walikuwa na wastani wa 3.77, na kati ya waombaji zaidi ya 52,000 waliopata nafasi walikuwa kama 23,000 tu.

Cha ajabu, kuna darasa moja nililichukua kujaza nafasi, uandishi wa habari. Nikapata A. Nikachukua la pili, A. Mwalimu akaniita ofisini akaniuliza kwa nini nisibadilishe meja, kemia nikaisoma taratibu pembeni. Nikamjibu, "Nyumbani wataniuliza." Hakunielewa. Wewe unanielewa.

Mwaka wa nne nikaomba shule tisa. Sita zikanijibu kwamba hazichukui raia wa kigeni kabisa. Kabisa! Na maelezo hayo yalikuwa yameandikwa kwenye vitabu vyao, kurasa ambazo sikufungua. Tatu zilizobaki zikaniangalia hiyo 2.7, zikanitakia maisha mema.

"Ada za maombi," dada akasema polepole, "si zile nilizokutumia?"

"Ndizo."

Msomaji, dada yangu aliuza bangili mbili za dhahabu mwaka ule. Za mahari yake. Aliziuza kwa mhindi wa Kariakoo nusu bei kwa sababu niliandika barua kwamba ni haraka.

Akanyanyuka, akaenda jikoni. Tukasikia sufuria zinagongana. Baba Mkubwa anaangalia dari. Dokta huko Ohio ananong'ona, "Mjomba, pole." Zilipita kama dakika tano, na ninakwambia kweli, mitihani yote ya kemia ogania haikunitoa jasho kama zile dakika.

Aliporudi alikuwa na chai mpya. Akammiminia mzee. Akanimiminia na mimi.

"Bangili nilishazisahau," akasema. "Lakini miaka yote miwili hii nakesha namwombea huyu mtoto asiishiwe viza. Kumbe ningemwombea asiogope kutuambia."

Na mtoto kwenye simu, bila nia mbaya, akasema, "Mama, mimi fomu nilikutumia siku ile ile niliyoijaza."

Ikabidi niangalie vitumbua.

*

Usidhani kikao kiliisha kwa vigelegele. Baba Mkubwa mtu wa reli, anapenda kujua treni inafika stesheni gani. Akasema, "Sasa hizo shule zisizochukua wageni. Huyu ni mgeni. Tumeuza kiwanja kununua tiketi ya treni isiyosimama?"

Hapo ndipo penye ugumu, na sikumficha. Shule nyingi za udaktari Marekani hazichukui wanafunzi wasio raia au wasio na ukaaji wa kudumu. Chache zinazochukua, baadhi yao hutaka uonyeshe fedha za ada ya mwaka mzima au hata ya miaka yote minne zimewekwa benki. Mikopo ya serikali yao si ya mgeni mwenye viza ya mwanafunzi. Baiolojia haikutoi hapo, Historia haikutoi hapo.

Dokta alikuwa anayajua. Akafungua daftari lake, akasoma majina ya shule zinazochukua wageni, akasema kila Desemba anaziangalia upya maana masharti hubadilika. Akasema hatafanya MCAT mpaka amalize fizikia na biokemia, na ikibidi atakaa mwaka mmoja baada ya shahada kabla ya kuomba, kama wengi wafanyavyo. Na nafasi isipopatikana, anataka kusomea afya ya jamii, kazi ya chanjo na milipuko, na huko Historia yake haitakaa kabatini.

"Na ikishindikana hiyo?" mzee akaendelea.

"Nitakuambia, Baba Mkubwa. Siku hiyo hiyo."

Mzee akafikiri sana. Halafu akatoa hukumu ya kikao, nami kama katibu nikaiandika kwenye daftari la vikoba, chini ya deni la Mama Asha. Mtoto aendelee na Historia. Kemia isishuke chini ya B. Kila muhula matokeo yaje yote, mazuri na mabaya, kwa picha. Na mimi, kama adhabu, nitalipa ada za maombi yake siku ikifika.

Bangili mbili za dhahabu, msomaji. Zimerudi kunidai.

*

Sasa wewe kijana unayesoma hapa ndani ya daladala, labda umesimama, nakupa ya kuondoka nayo.

Kama unakwenda huko majuu na ndoto ya udaktari, tenganisha vitu viwili: masomo wanayoyataka na meja unayoipenda. Baiolojia ukiipenda, chukua, waombaji zaidi ya nusu wanatoka huko na hawajakosea. Lakini usiichukue kwa woga. Wanaosoma Historia, Falsafa na fasihi ni wachache, na kwa uwiano wanapata nafasi bila kuwa nyuma ya wenzao. Sehemu moja kati ya nne za MCAT haina sayansi hata chembe, ni kusoma maandishi magumu na kuyaelewa.

Usirundike maabara tatu muhula wa kwanza. Hakuna anayetoa medali. Somo linapoanza kukushinda, nenda kwa mwalimu wiki ya tatu, usisubiri wiki ya kumi. Alama mbaya ya kemia inakaa kwenye karatasi yako kama kovu la ndui.

Kabla hujalipa ada ya maombi hata moja, soma ukurasa unaosema nani anaruhusiwa kuomba. Usoma wewe mwenyewe, usisimuliwe.

Na wewe uliye hapa hapa Bongo, uliyemaliza Kidato cha Nne, mambo yako yako kinyume. Huku uchaguzi unakuja mapema. Ukichagua CBG kwa sababu fizikia ni noma, ujue udaktari unaidai fizikia ile ile, na kugundua hilo Kidato cha Sita ni kuchelewa. Ukichagua PCB kwa sababu shangazi kasema, ujue si shangazi atakayekaa na kitabu usiku. Na ukidisko mwaka wa pili, usirudi nyumbani na maneno mawili kama yangu. Yanakaa miaka mingi, halafu yanatoka siku ya vitumbua.

Nimalizie Tabata. Tulipokuwa tunatoka, muuza mkaa akapita na mkokoteni. "Mama Dokta, hujambo? Dokta wetu anaendeleaje na udaktari?"

Dada akasita. Nikamwona anatafuta jibu, amewashika watu wote machoni. Maana ukitoa jina hilo, mtaani pale anabaki nani?

Baba Mkubwa akamwokoa. Akafunga vifungo vya koti lake taratibu, akasema kwa sauti ya tangazo la stesheni:

"Usiwe na wasiwasi, shemeji. Hata mwenye PhD ya Historia anaitwa Dokta."

Tukutane wiki ijayo na wale wa suti.